Kopo la Samaki na Mstari wa Hamisi

Jana nilifungua kopo la samaki, nikasahau hata nilichokuwa nafanya. Ile harufu ilipopanda tu, nyanya na mafuta na chuma kidogo, mie huyo nikarudi Temeke, miguu peku, jiwe mkononi, moyo unanidunda. Mjukuu wangu alikuwa amekaa mkekani anagonga sahani kwa kijiko, ananidai chakula chake. Na pale mezani simu ilikuwa bado inawaka na ujumbe wa mama yake, binti yangu anayekaa Sinza, aliyeniletea mtoto huku Chanika na waraka mrefu juu yake. Mama, vya viwandani asipewe. Vya kopo marufuku. Vya paketi usithubutu. Sembe hapana kabisa.

Weee! Nilicheka mpaka nikashika meza. Eti leo mie ndiye wa kufundishwa habari ya sembe. Nyie wenzangu mliokulia kwenye foleni zile mtanielewa, kwa hiyo nawasimulia nyie. Huyo binti nitamsimulia akija, akiwa ametulia.

Baba yangu alikuwa mtu wa sembe. Alifanya kazi kiwanda cha unga kule Chang'ombe, kwenye mashine za kukoboa mahindi, na asikwambie mtu, alijivunia kiwanda kile kuliko nyumba tuliyopanga. Nchi ilikuwa changa, kila kitu kilikuwa kipya na kilikuwa chetu, na Baba alipotamka "kiwanda chetu" ungedhani anataja shamba aliloachiwa na babu. Sembe ya kwao ilikuwa nyeupe, laini, hainukii kitu. Alikuwa anaichota kwenye kiganja anatuonyesha, anaipuliza kidogo, anasema, "Ona, Zuhura. Haina hata doa." Mie naitikia, "Haina, Baba." Na kweli niliiona nzuri, nyie, kama kitu cha harusi.

Jioni alirudi mweupe yeye mwenyewe. Nywele nyeupe, nyusi nyeupe, mpaka vinyweleo vya mikono. Akiingia bafuni nyuma ya nyumba, lile la makuti, tunasikia maji, halafu anatoka kijana mweusi tii anayeng'aa. Mie niliamini kabisa kwamba kazini watu wanazeeshwa, na nyumbani wanaoga ule uzee unatoka. Nilikuwa na miaka minane hivi na sikumuuliza mtu, maana jambo lenyewe niliona liko wazi.

Sasa, tulikuwa na Hamisi. Mdogo wangu huyu alikuwa ametimiza mwaka na miezi, ananyonya bado, lakini hakui. Kichwa kikubwa, miguu kama vijiti vya kupigia ngoma, na analia kwa sauti ndogo ya kuchoka. Kila mwezi Mama alimfunga mgongoni, mie nabeba kikapu, tunakwenda kliniki. Mizani ilining'inia kwenye boriti kama ya bucha. Watoto wanavalishwa kisuruali cha kupimia, wananing'inizwa, wanapiga kelele hizo! Halafu nesi anachukua kadi na kutia nukta, na nukta zile zinaungwa mstari. Juu kulikuwa na njia ya kijani, chini yake kijivu, chini kabisa nyekundu. Mstari wa Hamisi ulikuwa kwenye kijivu, unainama kwenda nyekundu.

Nesi wetu aliitwa Perpetua, mtu wa bara, mrefu, mkali kwa sauti tu. Siku hiyo alimwekea Mama kadi mbele ya macho.

"Mama Zuhura, ameshuka tena. Unampa nini?"

"Uji, nesi. Wa sembe, ile nzuri kabisa. Baba yake anafanya kazi palepale."

"Sembe na nini?"

"Na sukari, ikipatikana."

Nesi akashusha pumzi. "Acha sembe. Saga dona. Tia karanga za kusaga, tia kijiko cha mafuta, dagaa ukipata. Umpe mara nyingi, kidogokidogo, na ziwa usimwachishe. Mwezi ujao akija hajapanda, sina namna, namlaza."

Mama aliposikia "namlaza" alikaa chini kwenye benchi la watu. Na mie nilijua kwa nini. Kabla ya Hamisi tulikuwa na Saidi. Saidi alilazwa. Baba alimbeba kwenda na Baba alimbeba kurudi, na aliporudi naye alikuwa amemfunika gubigubi, na nyumba ikajaa watu. Kwa hiyo kwangu mie kulazwa hakukuwa kutibiwa hata kidogo. Kulazwa kulikuwa ni kule kufunikwa. Nikahesabu mwezi mmoja kichwani nikaona ni mfupi mno.

Jioni Mama akampa Baba maagizo ya nesi. Loh! Baba aliweka tonge chini.

"Dona? Mwanangu ale pumba? Mama Zuhura, mie kutwa nzima natoa pumba, halafu nije nimlishe mtoto hizo hizo? Sasa kuku watakula nini?"

"Nesi kasema, Baba Zuhura."

"Nesi anajua sindano. Unga ninaujua mimi."

Nilikuwa upande wa Baba, sitawaficha. Dona ilikuwa ya kijivu, inakwaruza, ilikuwa na sifa ya jela na bweni. Lakini Mama hakubisha zaidi, na Mama asipobisha ujue ameshaamua. Kesho yake, Baba alipotoka, akavuta mfuko wa mahindi uvunguni. Yalikuwa mahindi yake, aliyalima na kaka yake huku huku Chanika, na ndiyo yote yaliyokuwa yamebaki. Akanitwika kichwani.

"Nenda mashine. Mwambie Mzee Chikoko asikoboe. Asage hivyo hivyo. Umesikia, Zuhura? Asikoboe. Na Baba yako asijue."

Nikaenda mbio, nimejaa umuhimu. Mashineni kulikuwa na foleni ya wanawake na wasichana, vumbi jeupe, mkanda unapiga kelele mpaka meno yanatetemeka. Mzee Chikoko, mwenye mashine, aliuliza kila mtu swali moja tu kwa kupaza sauti: "Sembe au dona?" Na kila mtu mbele yangu alijibu sembe. Nyuma yangu alikuwa Mwanaidi, tuliyesoma naye darasa moja, na mdomo wake ule, mnawafahamu watu wa aina ile. Ikafika zamu yangu.

"Sembe au dona?"

"Do..." nikaanza.

"Dona!" Mwanaidi akapasua. "Zuhura, kwenu siku hizi jela? Si baba yako yuko kiwanda cha sembe?"

Wakacheka wote, na wanawake wazima wakacheka. Uso wangu ukawaka. Na mie nikajiambia, kwa akili yangu ya miaka minane, kwamba Mama amekosea, na Hamisi anastahili kitu kizuri kuliko pumba. Nikajibu kwa sauti ya juu kabisa, "Sembe! Koboa mara mbili!"

Jamani, ilitoka nyeupe! Niliibeba nyumbani natabasamu. Mama akafungua mfuko, akaingiza mkono, akatoa kiganja, akakitazama. Hamisi alikuwa mapajani kwake anahangaika na ziwa.

"Pumba ziko wapi?"

"Mzee Chikoko kabaki nazo. Mama, nimekoboa mara mbili."

"Zuhura," alisema polepole, "umenifanyia nini, mwanangu? Ndiyo hayo tu niliyokuwa nayo." Na akalia. Mama yangu alikuwa haliagi mbele ya watoto. Hakunigusa, na mie nikatamani anichape lile jambo liishe. Nikatoka nje nikaenda kukaa nyuma ya bafu la makuti, na pale ndipo nilipoelewa kwamba nimempeleka Hamisi kulazwa, mie na mdomo wangu.

Basi nikatafuta dawa. Jirani yetu mmoja, mke wa mwalimu, alikuwa amepanda ua kwenye kopo la maziwa ya unga. Kopo lile lilikuwa na picha ya mtoto mnene, mashavu hayo, mikono ina mikunjo kama maandazi. Nilikuwa nimelitazama mara nyingi, na nilikuwa na hakika ya kinachoendelea: kopo linachorwa kile linachokifanya. Ukila cha kopo la mtoto mnene, unakuwa mtoto mnene. Kwa hiyo kazi yangu ilikuwa moja, kulipata kopo lile popote lilipo.

Siku ya nne Mama akanituma sabuni na mafuta ya taa. Nimefika karibu na duka la ushirika, nikaona watu wanakimbia. Mnakumbuka? Enzi zile foleni haikuulizwa! Unaiona, unapanga, ndipo unauliza. Nikaokota jiwe, nikaliweka chini nyuma ya kikapu cha mtu, na mbele ya kikapu kulikuwa na tofali, na mbele ya tofali ndala moja, na kila kitu kile kilikuwa ni mtu kamili mwenye haki zake. Ole wako usogeze jiwe la mwenzio.

"Shikamoo mama. Kuna nini leo?"

"Marahaba. Sijui, mwanangu. Wanasema vitenge."

"Vitenge wapi," akadakia mwingine, "ni sukari, nimeona gunia."

"Ni vya kopo," akasema mzee mmoja aliyetoka mbele kuchungulia. "Makopo, maboksi na maboksi!"

Makopo! Nyie, nilihisi nywele zinanisimama. Niliacha kulitegemea jiwe, nikasimama juu yake kabisa kwa miguu miwili. Foleni ilisogea na mie nasogea na jiwe langu, nalisukuma kwa kidole gumba. Nilikuwa nimeshamwona Hamisi na mikunjo ya mikono. Nilikuwa nimeshachagua tutakakomwonyesha, kuanzia kwa Mwanaidi. Watu wanasukumana, wanacheka, wanatukanana kwa mapenzi, muuzaji anapiga kelele, "Kila mtu mawili! Mawili tu!" Nikamwaga hela yote ya sabuni na mafuta ya taa juu ya meza, nikapokea makopo mawili ya duara, mazito, ya baridi, nikayakumbatia kifuani na kutoka mbio bila hata kuyaangalia.

Niliyaangalia nilipofika kwenye mfereji. Hapakuwa na mtoto. Palikuwa na samaki. Samaki mmoja mwembamba, macho wazi, amelala juu ya nyanya.

Nikaona dunia imeniishia. Kwanza nimempunguzia Hamisi chakula, sasa nimemnunulia kopo la kumfanya samaki! Nilirudi nyumbani nalia kwa sauti, majirani wanatoka milangoni, na nilipomfikia Mama nikayasema yote kwa mkupuo mmoja: Mwanaidi, jela, kukoboa mara mbili, kopo la mtoto mnene, foleni, sabuni hakuna, mafuta ya taa hakuna, na Hamisi atakuwa samaki. Mama alinitazama. Halafu mabega yake yakaanza kutikisika, nikadhani analia tena, kumbe anacheka. Alicheka mpaka Hamisi naye akacheka. Akajitanda khanga, akambeba, akasema, "Twende kwa nesi tukamuulize hao samaki wako."

Nesi Perpetua alikuwa anafunga kliniki. Alisikiliza yote hayo amejikaza, ila midomo inamcheza. Akatafuta kisu, akalifungua kopo moja palepale juu ya meza ya sindano. Ile harufu! Akachukua kipande na mfupa wake, akaubonyeza kwa vidole viwili. Mfupa ukavunjika kama chaki iliyolowa.

"Unaona, Zuhura? Mifupa hii mtoto anaila, nayo inamjenga yake. Mama, ponda mpaka ilainike, tia kwenye uji au ugali laini. Wametia chumvi humu, wewe usiongeze. Umefanya foleni nzuri, mwanangu."

"Kumbe vya kiwandani vinafaa?" Mama akauliza. "Si ulituambia tuache sembe?"

"Kiwanda si mchawi," akasema nesi. "Kila kitu cha kiwandani kiulize mambo mawili. Wametoa nini? Wametia nini? Kwenye sembe wametoa kiini na ganda, wakatuachia weupe. Kwenye kopo hili samaki yumo, mifupa imo, mafuta yamo." Kisha akaniinamia mie. "Na lile kopo lenye mtoto mnene, huyo wa kwenye picha hatumjui alikula nini. Huyu wetu ana ziwa la mama yake, bado linamtosha upande huo."

Niliyabeba maneno yale nyumbani kama mayai. Jioni Baba ameoga, amekuwa kijana, ameketi kula, na mbele yake kuna mboga ya samaki wa kopo. Sikuweza kunyamaza, hata mngenifunga kitambaa mdomoni.

"Baba, nesi anasema kitu cha kiwandani kiulizwe wametoa nini na wametia nini."

Mama akanikazia macho. Baba akatafuna.

"Sasa Baba, kwenye sembe mnatoa nini?"

"Pumba, si unajua. Na kile kiini cha punje."

"Mnapeleka wapi?"

"Wafugaji wanakuja na magari, wanachukua. Kuku, ng'ombe..." Akasita. Tonge liko mkononi, mchuzi unadondoka. "Ng'ombe wao wananenepa sana," akasema, si kwangu wala kwa Mama. Akamtazama Hamisi aliyelala na mbavu zake zote nje. Hakulila lile tonge.

Asubuhi ya Jumapili aliamka mapema, akaenda kwa mjomba Chanika, akarudi na mfuko wa mahindi begani. Hakuniachia nibebe. Tukaenda mashineni, yeye mbele amevaa shati lake la kiwandani, mie nyuma, na nilitamani ardhi ipasuke, maana foleni ilikuwa ndefu na Mwanaidi alikuwepo. Baba akapanga nyuma ya wanawake, mwanamume peke yake. Ikafika zamu.

"Ah, mtu wa sembe!" Mzee Chikoko akapaza sauti juu ya mashine. "Leo kiwanda kimefungwa?"

"Dona," Baba akasema.

"Nini?"

"Dona! Usikoboe! Hata punje moja!" Alipiga kelele kuliko mashine yenyewe. Wakageuka wote, na yeye akageuka akawatazama wote, mmoja mmoja, mpaka akafika kwa Mwanaidi, na Mwanaidi, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, akainamia mfuko wake kuufunga upya. Nilimpenda Baba yangu siku ile mpaka nikawa naruka pale nilipo.

Tulimlisha Hamisi, asikwambieni mtu. Uji wa dona, na karanga alizozisaga Mama kwenye jiwe, na kijiko cha mafuta, na samaki aliyepondwa, na makopo yalipoisha, dagaa. Asubuhi, katikati ya asubuhi, mchana, alasiri, jioni. Nilitoka shule mbio ili niwahi kumlisha mie. Wiki ya tatu alinipokonya kijiko, akanipiga nacho. Tukashangilia nyumba nzima, na Baba akatoka nje kuwaambia majirani kwamba mwanawe amempiga dada yake.

Siku ya kupima ikafika. Baba alikuwa zamu, hakuweza kuja, lakini alisimama mlangoni asubuhi bila kuondoka mpaka Mama akamwambia atachelewa. Kliniki nilifumba macho Hamisi alipoingizwa kwenye kisuruali. Nikasikia mizani inalia ng'wii. Nikasikia kalamu. Halafu nesi Perpetua, yule mkali, akapiga kigelegele! Kina mama wote benchini wakadakia bila hata kujua kuna nini, kama foleni tu. Nikafumbua macho. Nukta ilikuwa juu. Haikuwa juu sana, lakini mstari ulikuwa umeacha kuinama, umenyanyua shingo, umegusa kijani.

"Hatulazi mtu hapa," akasema nesi.

Sikungoja. Nikamnyang'anya Mama kadi nikatoka mbio. Temeke mpaka Chang'ombe, jua la saa tano, miguu peku, kadi nimeishika juu kichwani. Mama ananiita, simsikii. Nikafika getini nimekauka koo, askari wa geti akanisimamisha.

"Wewe mtoto, unataka nini?"

"Namtaka Baba yangu! Mwambie hakulazwa!"

Sijui alifahamu nini, lakini alinitazama usoni akaingia ndani haraka. Baba akatoka anakimbia. Baadaye, nimeshakuwa mtu mzima, ndipo nilipofikiria jinsi alivyokimbia, na alichokuwa anadhani nimekuja kumwambia. Alikuwa mweupe wote, nyusi, kope, shingo, mzee kuliko nilivyowahi kumwona. Nikampa kadi. Aliufuata ule mstari kwa kidole gumba, kutoka mwanzo, akishuka na kushuka na kushuka, kidole kinaacha unga juu ya karatasi, mpaka alipofika mwisho na kidole kikapanda.

Alirudia mara mbili. Halafu akachuchumaa mbele yangu pale getini, askari anaona, magari ya wafugaji yanaingia, na akalia bila kujificha. Nami nikasimama namtazama kwa mshangao mkubwa, maana kila machozi yalipopita usoni mwake unga ulitoka, na pale unga ulipotoka Baba yangu alikuwa kijana.